Vijana wanaoshika dini chuo kikuu: pengo lilianza madrasani

Kuna habari ambayo siku hizi haikosi kuzungumzwa barazani, arusini na hata matangani, Unguja na Pemba. Mtoto wa fulani alikwenda kusoma chuo kikuu Tunguu akiwa kijana wa kawaida, mpenda mpira na muziki, sala zake za kusukumwa. Mwaka wa pili karudi nyumbani likizo, kashika dini. Anaamka alfajiri bila ya kuamshwa, kafuga ndevu, taarabu haisikilizi tena, na ikisomwa hitima ana la kuuliza. Au ni msichana aliyeondoka na baibui lake na mtandio, karudi na nikabu. Wanaoisikia habari hiyo hugawanyika. Wapo wanaosema alhamdulillahi, na maneno yakaishia hapo. Wapo wanaotikisa kichwa: mtoto wa watu wameshamharibu. Na wapo wanaosema ni upepo tu, akipata kazi utapita.

Naona wote hao wanakosea pahala pamoja. Wanalitazama jambo hili kama kwamba limezaliwa chuo kikuu, na kwa hivyo wanatafuta sababu yake huko: nani kamlisha maneno, nani kamshika mkono. Sababu iko nyuma zaidi. Kijana huyu elimu yake ya skuli iliendelea mpaka ikamfikisha kwenye shahada, lakini elimu yake ya dini ilikatika alipokuwa na miaka kumi na tatu au kumi na nne, na tangu hapo hakuna aliyekaa naye kumfundisha dini kama mtu mzima. Chuo kikuu ni pahala ambapo pengo hilo linajitokeza, kwa sababu ndipo maswali makubwa yanapomfika kwa mara ya kwanza. Kwamba anashika dini si jambo la kushangaza wala la kutisha. La kututia wasiwasi ni nani anayemjibu wakati sisi tumenyamaza.

Tuanze na historia, maana inasaidia kuona kwa nini jambo hili linaonekana jipya. Kabla ya mwaka 1998 Zanzibar haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka shahada alivuka bahari kwenda Dar es Salaam, Makerere, au mbali zaidi, Khartoum, Cairo, Madina. Mwaka huo wa 1998 vikaanzishwa viwili vya binafsi, Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu na chuo cha ualimu cha Chukwani, ambacho sasa kinaitwa kwa jina la daktari wa Kikuwait aliyetumia umri wake katika kazi za kheri Afrika, Abdulrahman Al-Sumait. Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kikaundwa kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi ya mwaka 1999 na kikaanza kufundisha mwaka 2001. Baadaye kikazichukua taasisi za afya, utalii na kilimo, na kikafika Pemba, Mchangamdogo. Kwa hivyo katika kizazi kimoja tu mtoto wa Makangale au wa Makunduchi ameweza kupata shahada bila ya kuondoka visiwani. Waliokwenda zamani walikuwa wachache, na mabadiliko yao ya dini yalitokea mbali na macho ya wazee wao. Wazanzibari waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaijua MSAUD, jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, na wengi wao watakwambia kuwa huko ndiko walikoanza kusoma dini kwa kutaka wenyewe. Tofauti ya leo ni kwamba kijana anabadilika Jumatatu na Ijumaa yuko nyumbani kwa mama yake, kila mtu anaona.

Sasa madrasa. Mtoto wa Zanzibar anapelekwa kusoma Kurani akiwa na miaka minne au mitano. Anaanza na alifu, anaingia juzuu amma, anahifadhi Yasini, anasoma kitabu cha Safina kwa fikihi, anashiriki kusoma maulidi ya Barzanji. Mchana skuli, alasiri madrasa. Ni elimu ya kuheshimiwa, imelea visiwa hivi karne na karne, na sitaki mtu asome hapa kwamba naidharau. Lakini angalia inapokatikia. Mtoto akikaribia mtihani wa kidato cha pili, alasiri inachukuliwa na tuisheni. Mvulana anaona haya kukaa mkekani na watoto wadogo. Msichana kashavunja ungo, ana kazi za nyumbani. Anaacha taratibu, na hakuna anayeona kuwa kaacha kitu, kwa sababu keshahitimu. Kijana huyo atakutajia faradhi sita za udhu kwa mpangilio wake. Atakusomea Yasini kwa moyo. Ukimuuliza aya moja tu katika hiyo Yasini ina maana gani, atainama. Kahifadhi sifa ishirini za Mwenyezi Mungu, na hajawahi kuambiwa ni swali gani wanazuoni walikuwa wanalijibu walipozipanga.

Anaingia Tunguu na mtaji huo. Tuseme ni kijana wa Wete. Kapata chumba cha kupanga Dunga, karibu na chuo, wanakaa wanne, magodoro chini, jiko la gesi pembeni, sufuria moja ya wali kwa zamu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake adhana inaadhiniwa na hapana mtu wa kumwambia inuka. Baba hayupo, jirani hamjui, akilala mpaka saa tatu hakuna atakayejua. Nyumbani aliswali kwa sababu watu wote walikuwa wanaswali. Hapa akiswali ni kwa sababu yeye kaamua. Darasani mhadhiri wa baolojia anaeleza jinsi viumbe vilivyobadilika kwa mamilioni ya miaka, naye anakumbuka kisa cha Nabii Adamu alichosimuliwa madrasani, na hajui avikutanishe vipi. Kwenye kazi ya kikundi kapangwa na mwenzake wa Mbeya, mlokole, mtu mwema, mkweli, anayeomba kabla ya kufungua kitabu, na siku moja mwenzake huyo anamuuliza kwa upole kabisa: wewe kwa nini ni Muislamu? Zanzibar takriban watu wote ni Waislamu. Mtoto anaweza kufika miaka ishirini bila ya kuulizwa swali hilo hata mara moja. Analikuta hapo, na jibu la kwanza linalomjia ni kwamba wazee wake ni Waislamu, na analisikia mwenyewe kuwa halitoshi.

Kutoka hapo njia zinaachana. Wapo wanaoacha kimya kimya: wanafunga kwa ajili ya watu, wanakwenda Ijumaa wakiwa nyumbani tu. Hao hatuwazungumzi barazani kwa sababu hawavai kitu cha kuwatambulisha. Na wapo wanaoanza kutafuta. Tunamwita mmoja kapotoka na mwengine kabadilika, na kumbe wametokea katika usiku ule ule, chumba kile kile, wote wawili wamegundua kuwa dini waliyokuja nayo ilikuwa ya wazee wao na haijawa yao bado.

Jambo hili halikuanza leo, wala si geni katika Uislamu. Wanazuoni wa itikadi wa njia ya Ashari, njia ambayo mashekhe wetu wa Kishafi wameifuata, walijadili sana imani ya mwenye kufuata tu, anayeamini kwa sababu wenzake wanaamini. Wengi wao walisema imani yake inakubaliwa, lakini anayeweza kufikiri na asifikiri ana dhambi. Kurani yenyewe inawalaumu waliosema tumewakuta baba zetu na njia hii nasi tunafuata nyayo zao. Na Nabii Ibrahim, kipenzi cha Mwenyezi Mungu, alimuomba Mola wake amuoneshe jinsi anavyofufua wafu. Akaulizwa: hukuamini? Akasema: nimeamini, lakini ili moyo wangu utulie. Hakukaripiwa. Alioneshwa.

Na kama tunataka mfano wa chuo kikuu hasa, tumtazame Imamu Ghazali. Mwaka 1091 aliteuliwa kufundisha Nizamiyya ya Baghdad, chuo kikubwa cha zama zake, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, wanafunzi kwa mamia wanamsikiliza. Ameandika mwenyewe kwamba tangu ujana wake aliona watoto wa Kikristo wanakua Wakristo, wa Kiyahudi wanakua Mayahudi na wa Kiislamu wanakua Waislamu, akataka kujua ukweli uko wapi ukiondoa malezi. Shaka ilimkamata kwa muda, na baadaye, akivutana na nafsi yake baina ya cheo na akhera, akafika pahala ulimi ukakataa kutamka darsani. Anafungua mdomo na neno halitoki. Mwaka 1095 akaiacha Baghdad na cheo chake. Mtu huyo leo tunamwita Hoja ya Uislamu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayekesha na maswali yake Dunga yuko kwenye njia aliyowahi kupita mtu mkubwa, na anastahili kuambiwa hivyo na mtu anayemuamini.

Nije kwenye hoja za wanaonipinga, nikianza na ile dhaifu, ya kwamba haya yote ni mtindo. Wanaoisema wanaonesha abaya za duka, mawaidha ya dakika moja kwenye simu, vijana wanaopiga picha wakitoka msikitini. Ni kweli mavazi yana mitindo yake, na si kila nikabu ina elimu nyuma yake. Lakini mtindo ni kitu kinachomrahisishia mtu maisha mbele ya wenzake, na dini kwa mwanafunzi inafanya kinyume. Inamtoa kwenye safari ya Nungwi na marafiki zake. Inamfanya akatae kukopa kwa riba hata ada ikiwa imemkaba. Inamgombanisha na watu anaowapenda. Inamuamsha saa kumi za usiku wakati ana mtihani saa mbili. Anayesema haya ni mapambo hajakaa na kijana mwenye hali hiyo hata kwa saa moja. Na kuna dharau ndani ya hoja hii ambayo siipendi: kijana akibadilisha kozi tunasema kafikiri, akibadilisha msimamo wa siasa tunasema kafikiri, akishika dini tunasema kaigiza.

Hoja ya pili ni nzito kidogo. Inasema ajira hakuna, mwenye shahada anakaa nyumbani au anauza vocha, na mtu akikosa matumaini duniani huyatafuta akhera. Dhiki ipo, hakuna anayeikataa. Yupo anayehesabu siku za bumu lake mpaka Bodi ya Mikopo ilete, na yupo aliyekwishaona kaka zake wawili wamehitimu na hawana kazi. Ila dhiki haielezi kwa nini kijana achague hili. Visiwa hivi vimewaona vijana wenye dhiki ile ile wakiingia kwenye unga, na familia zinalia mpaka leo. Wala haielezi wale wanaosomea udaktari na ualimu, ambao wana njia mbele yao, wakakutikana kwenye darsa hizo hizo. Nadhani dhiki inampa mtu muda na sababu ya kuuliza. Jibu analolichukua linatoka kwengine.

Inayofanana na hiyo ni dhana kwamba elimu ikizidi dini hupungua, na kwa hivyo msomi anayeshika dini ana kasoro fulani ya kuelezwa. Hii tumeiazima, na huko ilikotoka imeshatiwa mashakani. Mwanasosholojia Peter Berger, aliyekuwa mmoja wa wasemaji wakubwa wa dhana hiyo miaka ya 1960, mwaka 1999 aliandika wazi kwamba haikuwa sahihi. Marekani kwenyewe, utafiti wa wanasosholojia watatu uliochapishwa mwaka 2007 uliwakuta vijana waliokwenda chuo kikuu hawapungukiwi na dini kuliko wenzao wasiokwenda; waliobaki nje ya vyuo ndio waliopungukiwa zaidi. Sisemi Marekani ni kipimo cha Zanzibar. Nasema tusiwe wa mwisho kuishikilia dhana ambayo wenyewe wameshaiacha.

Hoja yenye nguvu ni ya tatu, na hii wazee wanayo haki ya kuisema. Wanasema: hatuogopi dini, tunaogopa makundi. Mtoto katoka nyumbani anamheshimu babu yake, karudi anasema maulidi ni uzushi, hitima haifai, wanaosoma kunuti wamekosea. Mwezi ukiandama kwengine yeye anafungua, nyumba ina Idi mbili. Mama anamwita mwanangu njoo uitikie dua ya bibi yako, naye anasimama mlangoni. Hilo linauma, na si jambo dogo kwa watu ambao dua ya pamoja ndiyo iliyowaunganisha miaka yote. Juu ya hapo kuna khofu ya serikali. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya mihadhara ya Kiislamu ya hapa Zanzibar, waliokamatwa na baadaye kushitakiwa kwa ugaidi walikaa rumande kwa miaka, wakaachiwa Juni 2021 mashtaka yalipofutwa. Kila mzazi aliliona lile. Akimuona mwanawe kafuga ndevu anaogopa mambo mawili kwa wakati mmoja: atakaloweza kulifanya mtoto, na atakaloweza kufanyiwa.

Khofu hiyo siibezi. Makundi yapo, na yanajua kumpokea mgeni. Mwanafunzi aliyefika jana kutoka Mkoani, hajui hata apande daladala gani, atakutana kwanza na kijana mwenye tabasamu atakayemsaidia kubeba begi lake, atamtafutia chumba, atamuazima vitabu, kisha atamkaribisha darsa. Wema ule ni wa kweli, na ndio maana una nguvu. Lakini hebu tuulize kwa nini darsa ile ndiyo aliyoikuta, na si nyengine. Kwa sababu hapakuwa na nyengine. Mashekhe wetu wenye elimu wako mjini, darsa zao ziko Malindi, Kikwajuni, Mwembeshauri, baina ya Magharibi na Isha, na wanaokuja ni watu wazima wa mitaa ile. Tunguu imejengwa majumba, imejazwa vijana kwa maelfu, na sisi tuliowalea hatukuwapelekea mwalimu.

Niliwahi kuzungumza na mwanafunzi wa sayansi, kijana wa kaskazini ya Pemba, aliyekuwa na lile swali la Nabii Adamu na mifupa ya kale. Alipokwenda likizo alimuuliza maalim wake, mtu anayempenda kama baba. Maalim akamwambia: mwanangu, hayo usiyaulize, utakufuru. Hakumwambia kwa ubaya; alimuonea huruma. Kijana akamshika mkono, akaubusu, akarudi Tunguu, na usiku ule ule akaliandika swali lake kwenye simu. Majibu yakamjia mengi, kwa sauti za watu wa nchi asizozijua, kila mmoja ana uhakika, na mengi yao yakianza kwa kumwambia kwamba waliomlea hawakuwa wakijua dini. Nilimuuliza yupi alimridhisha zaidi. Akasema: yule aliyenijibu bila ya kunigombeza.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka tatizo litatuliwe kwa kuzuia. Wanataka vyuo vifunge darsa zisizo na kibali, walinzi wawaangalie wanaokaa sana kwenye vyumba vya kusalia, wazazi wachukue simu. Hatua hizo zinaweza kuondoa mkusanyiko na zisiondoe swali. Kijana atakwenda nalo chumbani, peke yake, kwa mwalimu ambaye hatumuoni. Watafiti Diego Gambetta na Steffen Hertog, waliochunguza wasomi waliojiunga na makundi ya mapigano katika ulimwengu wa Kiislamu, walikuta wahandisi ni wengi kupita kiasi kulinganisha na idadi yao katika jamii, wakawazidi hata waliosomea elimu ya dini. Wao wanalieleza hilo kwa matumaini yaliyovunjika na kwa aina ya fikra inayotaka kila kitu kiwe na jibu moja lililonyooka. Mimi nasoma humo pia onyo linalotuhusu: mtu mwenye akili iliyonolewa sana upande mmoja na elimu ya dini ya mtoto upande wa pili ni mwepesi kupokea jibu fupi. Ikhtilafu ya wanazuoni, adabu ya kukosana, tofauti ya lililo haramu na lisilopendeza, hayo hujifunza kwa kukaa mbele ya mwalimu kwa miaka. Darsa iliyotulia inamkinga kijana na msimamo mkali kuliko mlinzi yeyote wa getini.

Wale wa alhamdulillahi nao nina neno nao, kwa sababu furaha yao mara nyingi ni njia ya kujitoa. Kijana kashika dini, basi, kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza imeanza. Anayeshika dini kwa ghafla hujibebesha yote kwa pamoja: anafunga Jumatatu na Alkhamisi, anasimama usiku, anaacha muziki, anakata marafiki, anasahihisha sala za watu, na semista ikiisha ana masomo matatu ya kurudia na moyo umechoka. Wengine huvunjika hapo wakarudi walikotoka wakiwa na uchungu. Anahitaji mtu wa kumwambia polepole, mtihani wako nao ni amana, na mama yako ana haki. Kurani katika sura ya Luqman inasema kuwa wazazi wakimshurutisha mtu kumshirikisha Mungu asiwatii, na bado akae nao kwa wema hapa duniani. Ikiwa hayo ni kwa mzazi mshirikina, vipi kwa mama anayesoma Barzanji akilia kwa mapenzi ya Mtume? Aya hiyo haijafichwa. Wengi wa vijana hawa wanaijua. Wanachokosa ni mwalimu wa kuwaonesha inavyofanyiwa kazi siku ya hitima ya bibi, mama yuko ndani anasubiri.

Hatuna upungufu wa mifano. Mji huu uliwahi kuwa na Sheikh Abdallah Bakathir na madrasa yake ya Ukutani, na Sayyid Ahmad bin Sumeit, waliofariki wote mwaka 1925, na watu wazima walisafiri kutoka pwani yote kuja kukaa mbele yao. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alikuwa mwalimu wa skuli za serikali na mwanazuoni kwa wakati mmoja. Tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1969, na aliiandika ili Mswahili asiyejua Kiarabu aelewe anachokisoma. Sayyid Omar Abdallah, Mwinyi Baraka, alisoma Makerere na Oxford, akaongoza Muslim Academy hapa Unguja, na watu wa falsafa na watu wa dhikri wote walipata la kusikiliza kwake. Wazee hao hawakuiogopa elimu ya dunia wala hawakuiona dini kama kazi ya watoto. Mlolongo wa darsa za watu wazima ndio uliowatoa, na ndio tuliouacha ulegee huku tukijivunia idadi ya wanaohitimu Kurani wakiwa wadogo.

Yanayofuata kutokana na haya si mambo ya gharama kubwa. Ofisi ya Mufti na jumuiya za maimamu wanaweza kumpa sheikh mmoja au wawili kazi ya kukaa Tunguu, na mmoja Mchangamdogo, watu wenye elimu na kifua cha kusikiliza, wasomeshe kwa Kiswahili kitabu kimoja cha itikadi na kimoja cha fikihi, na nusu ya muda iwe ya maswali, pamoja na maswali ambayo maalim wa kijijini angeyakimbia. Vyuo vinaweza kumkalisha mhadhiri wa baolojia na sheikh huyo meza moja mbele ya wanafunzi, kila mmoja aseme anachokijua na pale anapokomea. Wanafunzi wa Kikristo wanaotoka Bara wawe na chumba chao cha kuombea bila ya kuombaomba, kwani kijana wetu aliyesimama vizuri kwenye dini yake hapungukiwi na kitu jirani yake akiomba. Madrasa za mitaani zinaweza kuongeza darasa la vijana wa kidato cha tatu mpaka cha sita, usiku mmoja kwa wiki, la maana na mjadala, ili mtoto asikatikie kwenye tuisheni.

Na wasichana wapewe nafasi ya kwanza, maana ndio tuliowaacha zaidi. Mvulana akipenda anaweza kupanda gari akenda kusikiliza darsa mjini, akachelewa, akalala kwa mjomba. Mwanafunzi wa kike anayekaa dakhalia au amepanga Dunga hawezi kutoka Magharibi akarudi baada ya Isha, wazazi wake hawataki na yeye mwenyewe anaogopa, kwa hivyo mwalimu wake pekee ni simu. Wapo kinamama wenye elimu ya dini Unguja na Pemba, wanaosomesha majumbani kwao miaka yote bila ya kujulikana. Mmoja wao akipewa chumba pale pale Tunguu, baada ya Alasiri, siku mbili kwa wiki, na nauli yake ikalipwa, wasichana wataweza kuhudhuria na kurudi vyumbani mwao kabla ya jua kutua.